Wafu wa Lothagam nao wana haki: barua ya wazi kwa wasimamizi wa turathi zetu

Kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa wizara inayosimamia utamaduni na turathi, na kwa Serikali ya Kaunti ya Turkana pamoja na Bunge lake.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu makaburi. Ni yale yaliyojengwa kandokando ya Ziwa Turkana yapata miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita, na watu waliokuwa miongoni mwa wafugaji wa kwanza katika nchi hii. Watafiti huyaita maeneo ya nguzo za mawe. Linalofahamika zaidi ni Lothagam Kaskazini, magharibi mwa ziwa. Lingine liko karibu na barabara itokayo Lodwar, makao makuu ya kaunti, kwenda Kalokol, na wenyeji hulijua kwa jina la Namoratunga. Ng'ambo ya ziwa kuna Jarigole. Yapo na mengine, na kuna marundo madogo ya mawe yaliyotapakaa nyikani ambayo hayajawahi kupewa jina lolote kwenye ramani.

Ombi langu ni moja: ulinzi ulioandikwa kwenye sheria uletwe mpaka pale mawe yalipo, na ukabidhiwe watu wanaoishi hapo, wakiwa na mamlaka na mshahara.

Kwanza nieleze kilichomo, kwa sababu wengi wenye uwezo wa kuamua hupita hapo garini wakaona mawe tu.

Ukifika Lothagam Kaskazini unaona jukwaa la mawe la mviringo, upana wake kama mita 30, lenye nguzo zilizosimamishwa, na kandoni mwake miduara na marundo ya mawe. Matokeo ya uchunguzi yaliyochapishwa mwaka 2018 yalitueleza kilicho chini yake. Wajenzi waliondoa mchanga wa ufuo wa kale wa ziwa mpaka wakafikia mwamba, katika eneo la takriban mita za mraba 120. Humo waliwazika watu wao kwa karne kadhaa, kizazi baada ya kizazi. Wanaakiolojia walichimba sehemu ndogo tu, wakaipima iliyobaki kwa rada inayopenya ardhi, na wakakadiria kwamba waliolala humo hawapungui 580. Nafasi ilipojaa, wajenzi walifukia, wakatandaza mawe juu yake na kusimamisha nguzo, baadhi zikiwa zimetolewa umbali wa hadi kilomita moja.

Miongoni mwa hao 580 wamo watoto wachanga na wamo vikongwe, wanaume kwa wanawake. Hakuna pembe iliyotengewa wakubwa. Karibu kila mmoja alizikwa na pambo lake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, likiwemo amazoniti lenye ukijani wa kuelekea buluu, pete zilizochongwa kwa meno ya kiboko. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa nyikani, na kwa hesabu ya watafiti walihitajika panya wasiopungua 113 kulitengeneza. Hebu fikirini kazi hiyo. Kuna watu waliowatega panya hao mmoja mmoja, wakayang'oa meno, wakayapanga, na mwisho wake wakampa marehemu aende nayo.

Kwa muda mrefu wasomi walizoea kuamini kwamba penye jengo kubwa la kale pana mfalme aliyewaamrisha watu walijenge. Lothagam haionyeshi mfalme. Inaonyesha jamii ya wafugaji waliojenga kwa hiari yao kitu kikubwa na kukitumia wote kwa usawa, na walianza kabla ya piramidi kuu ya Giza kujengwa. Mwanafunzi wa Kenya anayefundishwa habari za piramidi akamaliza shule bila kusikia habari za Lothagam amedhulumiwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Wafu hawa hawana ukoo wa kuwasimamia. Sisi Waturkana tulifika katika nchi hii karne chache tu zilizopita, na mawe tuliyakuta. Hatudai kwamba ni babu zetu wa damu, na itakuwa uongo kudai hivyo ili tupate cha kudai mbele yenu. Wazee wetu husimulia kwamba nguzo za Namoratunga ni watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka kiumbe asiye wa dunia hii, naye akawageuza mawe papo hapo. Mpaka leo wapitao huokota kijiwe na kukiweka juu ya nguzo. Nyanya yangu hakuturuhusu kuketi juu ya mawe yale wala kumfunga mbuzi pale. Huo ndio ulinzi uliofanya kazi kwa karne zote hizi, bila cheo na bila bajeti. Lakini ulinzi huo ulitegemea watu wanaojuana. Dereva wa lori kutoka mbali hakukatazwa na nyanya yeyote.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Si Lothagam wala Namoratunga. Ilikuwa kwenye mojawapo ya yale marundo yasiyo na jina, kando ya laga, yaani mto mkavu. Mwanakandarasi alikuwa anatafuta mawe ya kujengea kivuko cha barabara, na kwake yeye haikuwa na maana kupasua mwamba wakati mawe yamekwisha kukusanywa mahali pamoja. Vijana walikuwa wanapakia. Niliposimama na kuwauliza, mmoja wao alinijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, haya si ya mtu."

Mahali walipokuwa wameondoa tabaka la juu, udongo ulikuwa wa rangi nyingine, mweusi zaidi na laini, tofauti na changarawe nyekundu ya pembeni. Juu ya udongo huo palikuwa na ushanga mmoja mweupe, bapa, mdogo kuliko kifungo cha shati, una tundu katikati na kingo zilizosuguliwa zikawa laini. Sikuugusa. Nilienda ofisi moja, nikaelekezwa nyingine. Ile nyingine ilinitaka niandike barua. Barua ilipopokelewa na kupigwa muhuri, rundo halikuwepo tena. Sitaji ofisi hizo kwa sababu maafisa niliowakuta hawakuwa na nia mbaya. Hawakuwa na ramani inayoonyesha rundo lile, hawakuwa na gari, na hawakujua ni nani hasa wa kumpigia simu.

Waheshimiwa, sheria tunayo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza kupitia gazeti rasmi la serikali kwamba mahali fulani panalindwa. Inaviweka vitu vya kale vilivyo ardhini kuwa mali ya serikali. Inakataza kuchimbua bila leseni, na inamtaka yeyote anayegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa kwa Makavazi ndani ya siku 7. Inatambua hata walinzi wa turathi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa chini ya serikali ya kitaifa. Na Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 63, inasema kwamba ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kama amana kwa niaba ya jamii.

Kwa hiyo jiwe ni la Nairobi, na ardhi lililosimama juu yake imo mikononi mwa Lodwar. Katikati ya hao wawili ndipo lori linapopita.

Serikali ya kaunti haiwezi kusema makaburi haya ni kazi ya Makavazi peke yake. Mwenye kushika amana ya ardhi anawajibika kwa kilichomo ndani yake. Na Makavazi hayawezi kusema yamemaliza kazi pale tangazo linapochapishwa, kwa sababu gazeti rasmi la serikali halisomwi kwenye kisima cha ng'ombe. Mchungaji hawezi kuheshimu mpaka ambao hajawahi kuonyeshwa.

Naomba mfahamu jinsi uharibifu unavyotokea, kwa maana mara nyingi haufanani na uharibifu. Gari la wageni likipita mara moja kando ya jukwaa linaacha alama mbili za magurudumu. Mvua ya kwanza inafuata alama hizo. Huku kwetu mvua ni chache lakini hushuka kwa nguvu, na baada ya misimu michache alama imekuwa mfereji, na mfereji unakula ukingo wa kaburi. Mawe ya juu yakiondolewa, mchanga uliofunikwa kwa maelfu ya miaka unabaki wazi kwa upepo na maji, na mifupa iliyodumu muda wote huo inaanza kumeguka. Kisha anakuja mpita njia, anaona ushanga juu ya mchanga na kuutia mfukoni kama kumbukumbu. Hajaiba kwa nia ya kuuza. Lakini ushanga ukiwa shingoni mwa mtoto aliyezikwa unatueleza habari za mtoto huyo, na ukiwa mfukoni mwa mtalii hauelezi chochote.

Mahali kitu kilipo ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1978 kulichapishwa makala iliyodai kwamba nguzo 19 za Namoratunga zilipangwa kwa kufuata nyota, kama kalenda. Baadaye zilipimwa upya, kwa sababu mawe yale yana usumaku unaovuruga dira, na dai lile likatiliwa shaka kubwa. Sina haja ya kuingia katika mabishano yao. Ninachosema ni kwamba waliweza kubishana na kusahihishana kwa kuwa nguzo zilikuwa zimesimama pale pale. Nguzo moja ikisogezwa ili mtu apate picha nzuri, hakuna atakayeweza kupima tena.

Kuna pia uvumi wa hazina. Kila penye mawe ya kale hatakosekana mtu wa kunong'ona kwamba chini yake kuna dhahabu, na vijana wasio na ajira husikiliza. Mtangazieni kila mmoja, redioni na barazani, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, kwamba uchunguzi wa Lothagam haukuleta dhahabu. Ulileta mifupa, shanga za mawe na za maganda ya mayai, na meno ya panya. Hakuna soko la vitu hivyo ambalo kijana wa Kerio atanufaika nalo. Ninaamini tangazo hilo peke yake litaokoa marundo mengi kuliko uzio.

Kuhusu uzio, sina hakika ndio dawa. Waya wa seng'enge kwenye nyika hii huibwa, na nguzo zake zenyewe huchimbiwa ardhini, pengine mahali ambapo hapakupaswa kuchimbwa. Afadhali vigingi vichache vya mpaka, vilivyowekwa kwa uangalizi wa wanaakiolojia, vikiwa mbali ya kutosha na mawe ya pembeni kabisa. Nalikazia hilo la mawe ya pembeni. Watu huzungushia mpaka zile nguzo ndefu kwa sababu ndizo zinazoonekana, wakaiacha nje ile miduara na marundo ya kandokando, ilhali yote ni mahali pamoja.

Jambo kubwa kuliko vigingi ni mlinzi. Hapa ndipo ninapowaomba msitutoroke kwa kusema bajeti haitoshi. Katika hifadhi za jamii za kaskazini mwa Kenya, vijana wa vijijini huajiriwa kulinda wanyamapori kwenye ardhi yao wenyewe, na kazi inafanyika. Mlinzi wa kaburi hahitaji bunduki. Anahitaji barua ya kumtambulisha, simu, kofia au fulana inayoonyesha cheo chake, na mshahara unaofika kila mwezi. Awe mtu wa karibu na pale, mwenye mifugo inayolishwa eneo hilo hilo, anayejua alama za miguu za kila mtu. Mama wa makamo anafaa sawa na kijana, na pengine zaidi. Na anapopiga simu, awepo mtu mmoja mwenye jina upande wa pili, Lodwar, mwenye uwezo wa kulisimamisha lori siku hiyo hiyo. Nairobi iko karibu kilomita 700 kutoka Lodwar. Taarifa inayosubiri idhini kutoka huko itakuta mawe yameshakuwa msingi wa kitu kingine.

Kaunti kwa upande wake iwe na ramani. Maeneo yote yanayojulikana yaingizwe kwenye mipango ya matumizi ya ardhi, na hakuna shimo la maramu, ile changarawe ya barabara, kivuko, barabara ya kuelekea visima vya mafuta wala mnara wa simu utakaopewa kibali kabla eneo halijakaguliwa kwa miguu na mtu anayejua kutofautisha kaburi na kilima. Tathmini ya athari kwa mazingira imekuwa takwa la kisheria tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Isifanywe kwa kunakiliwa kutoka ripoti ya kaunti nyingine. Wako wanaosema kwamba kuyaweka makaburi kwenye ramani ni kuwaonyesha wezi njia. Hoja hiyo naiheshimu, na ramani kamili inaweza kubaki ofisini. Lakini isiwe sababu ya mhandisi wa kaunti mwenyewe kukosa kuiona.

Mtaniuliza kama ni haki kuomba pesa kwa ajili ya wafu katika kaunti ambayo walio hai wanakosa maji. Nimejiuliza swali hilo hilo, kwa sababu nimefundisha watoto wanaokuja darasani kwa ajili ya uji. Jibu langu ni kwamba mishahara ya walinzi wachache haitachelewesha kisima hata kimoja, na mnajua hivyo. Tena, waliojenga Lothagam hawakujenga wakiwa na shibe. Walijenga wakati mvua za enzi ile ya unyevunyevu zilipokuwa zinakoma, ziwa linarudi nyuma na ufuo unakauka, malisho yanabadilika, na mifugo ni kitu kipya katika maisha yao. Watafiti wanafikiri kwamba mahali pa kukutana na kuzika pamoja palisaidia jamii zilizotawanyika kwa malisho kubaki zikijuana na kusaidiana. Mfugaji wa leo anayehama na adakar yake, kundi la familia zinazochunga pamoja, akitafuta nyasi anaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa na mtaalamu. Ukame haujawahi kuwa sababu ya kuwaacha wafu.

Kila tunapokaribisha wageni, na hasa Lodwar inapojaa wakati wa tamasha la Tobong'u Lore, tunajitangaza kuwa chimbuko la binadamu. Kijana wa Turkana, yule wa kale sana ambaye mifupa yake ilipatikana Nariokotome mwaka 1984, ametupa fahari hiyo, na zana za mawe za Lomekwi za miaka milioni 3.3 zimeiongeza. Nafurahi nazo. Ila kijana wa Nariokotome hakuzikwa na mtu. Alifia pale na tope likamfunika. Wa Lothagam walibebwa, walivalishwa, walilazwa karibu na jamaa zao. Wanastahili heshima tofauti na ile tunayoipa visukuku, na sheria za kuwashughulikia ziwe tofauti pia.

Hapo nina neno kwa Makavazi na kwa vyuo vinavyopewa leseni. Sipingi utafiti. Bila utafiti huu nisingekuwa na la kuandika. Lakini uchimbaji wowote mpya uanzie barazani kwa chifu, wenyeji waambiwe ni nini kinatafutwa, ni mifupa mingapi itatolewa, itahifadhiwa wapi, na sehemu gani itasagwa maabara. Kazi ikiisha, watafiti warudi kueleza walichokiona, kwa lugha tunayoielewa, kabla dunia haijasoma kwa lugha nyingine. Na yale yaliyokwisha kutolewa ardhini, nakala zake na picha zake ziwekwe mahali Lodwar ambapo mtoto wa shule anaweza kufika kwa bodaboda. Kwa nini mtoto wa Kalokol asafiri hadi Nairobi kuona shanga zilizotoka karibu na kwao?

Nawaomba kwa mwaka huu wa fedha mfanye mambo haya kwa Lothagam Kaskazini na Namoratunga kwanza, kisha Jarigole kwa kushirikiana na wenzetu wa Marsabit: mpaka uonyeshwe kwa wenyeji ardhini, walinzi waajiriwe kutoka hapo hapo, na namba ya simu ya afisa mwenye dhamana ibandikwe kwenye kila ofisi ya chifu kati ya Lodwar, Kalokol na Kerio. Marundo yasiyo na jina yaanze kuhesabiwa. Walimu na wanafunzi wa shule za hapa wako tayari kusaidia kuyatafuta, mkitupa mtu mmoja wa kutufundisha namna ya kuandika tunachokiona bila kukigusa.

Naomba jibu la maandishi, na lisomwe barazani.

Wenu,
Mwalimu, Turkana ya Kati